Siku Mashine Ilipojizima Ekero

Asubuhi ya mwisho iliyokuwa asubuhi tu, Zilpah alichemsha chai, akaonja, akasema sukari imezidi. Osundwa, mumewe, akasema haijazidi. Zilpah akamwachia kikombe chake kama kilivyo, chake yeye akakiongeza maji ya moto. Nje kuku waligombania maganda ya viazi. Akavaa ndala, akaenda kwa jirani mwenye stima kuangalia betri aliyoiacha ikichajiwa, akarudi.

Akasema, "Imejaa."

Basi. Hayo ndiyo yaliyosemwa.

Kesho yake alianguka akisugua sufuria. Siku ya tatu akawa hayupo. Ilikuwa mwezi wa tano, mwaka wa tisini na nane.

Tangu hapo Osundwa anaogopa asubuhi. Hufumbua macho, akatulia kitandani, akasikiliza kama kuna mtu anapuliza moto jikoni. Hakuna. Ndipo huinuka.

Wanaokuja kumpa pole husema marehemu alikuwa mama mwema, mcha Mungu, mkarimu. Ni kweli. Lakini hayo husemwa juu ya kila mtu aliyelala ndani ya sanduku. Anayetaka kumjua Zilpah hasa, aambiwe ya Ekero. Osundwa alikuwepo. Katika umri wake wote ni siku mbili tu alizoogopa hadi magoti yakamkataa: siku ile ya Ekero, na siku ya sufuria.

Zilpah Nekoye alisoma hadi darasa la saba. Osundwa hakusoma hata siku moja, alichunga. Watoto wao walipokuwa wakubwa wa kujipikia, Zilpah alisema anataka kwenda chuo cha ufundi cha Sigalagala kusomea kutengeneza redio. Kozi ya miezi sita. Wanaume walikuwa kumi na wanane, na yeye. Siku ya kwanza mmoja akamwuliza, "Mama, chai iko wapi?"

"Iko kwa mama yako," Zilpah akamjibu. "Mimi nimekuja kusoma."

Akafungua kibanda chake karibu na soko la Kakamega. Alitengeneza redio, pasi, tochi. Kisha akaunda kipaza sauti chake mwenyewe: sanduku la chuma lenye matundu ubavuni, spika mbili zenye mdomo kama tarumbeta, maikrofoni, na betri ya gari. Watu waliita kitu chote hicho mashine, na yeye wakamwita Mama Mashine. Harusi alikuwepo, harambee alikuwepo, matanga alikuwepo. Osundwa alibeba betri, kwa sababu mgongo wake ulikuwa bado mzuri.

Mashine ya kwanza iliungua. Ilikuwa harusini, Lurambi, bwana harusi akishukuru wakwe. Moshi ulitoka kwenye matundu, nyaya zikayeyuka, betri ikaanza kutokota kama chungu. Zilpah aling'oa waya kwa mkono mtupu. Hakuumia mtu, lakini alilia njia nzima.

Baadaye fundi mwenzake, Kipruto, akamletea kitu kutoka Nairobi. Kilikuwa kipande cheusi, kidogo kama ukucha wa dole gumba, chenye miguu mitano ya bati. Wenyewe wanaita chipu. Kazi yake ni kama ya mlinzi wa lango: inaruhusu umeme wa betri uingie kwenye mashine, au inaukata. Lakini hii ilikuwa na jambo la zaidi. Moto wake wa ndani ukipanda kupita kiasi, kama nyuzi mia na hamsini hivi, inajizima yenyewe kabla haijaungua. Ikipoa kidogo, inajiwasha yenyewe. Hakuna anayeigusa.

"Kwa hivyo inaogopa?" Osundwa aliuliza.

"Inaogopa," Zilpah akajibu. "Ile ya kwanza haikuwa na woga, ukaona ilivyoungua."

Akaifunga kwa skrubu kwenye kipande cha alumini chenye mbavu, ili moto upate pa kwenda. Akamwonya Osundwa asidhani kujizima ni kazi yake ya kila siku. Kujizima ni kwa siku ya shida. Siku nyingine mashine ikae mahali salama: kivulini, hewa ikipita pande zote. Weka kidole kwenye zile mbavu, hesabu hadi tano. Ukiweza kufika tano, ni sawa. Ukishindwa, punguza sauti, ipumzike.

"Na usiifunike," akasema.

Hilo alilisema kwa sababu alimjua mumewe. Pale kwao, redio ni kitu cha heshima, na kitu cha heshima hufunikwa. Kila nyumba ina kitambaa cheupe kilichofumwa kwa mkono, kwenye kiti kimoja, kwenye meza kimoja, juu ya redio kimoja. Osundwa alikuwa akifunika mashine kila ilipoingia nyumbani, na Zilpah akifunua.

"Vumbi, Mama Joash."

"Vumbi halijaua mashine bado. Hii si maziwa, Baba Joash. Iache ipumue."

Ikaja Februari ya mwaka wa tisini na sita, kiangazi chenyewe, barabara za miwa zimekuwa unga. Pikapu ya wafiwa iliwachukua Kakamega hadi Ekero, kwenye boma lililozungukwa na miwa pande tatu. Aliyefariki aliitwa Onesmus. Alikuwa mkulima wa miwa, hajafika miaka thelathini na tano. Aliugua tumbo Jumapili, akafa Jumatano. Aliacha mke, Gentrix, na mtoto mdogo wa kike, Edah.

Osundwa hakuwa ameshusha hata betri alipoanza kusikia minong'ono. Ati chakula cha mwisho kilipikwa na nani. Ati huyo msichana ametoka Lugari, nani anajua kwao wanakula nini. Aliyeongea zaidi ni Shikanga, kaka mkubwa wa marehemu, mtu mrefu mwenye koti la suti katikati ya jua lile.

"Leo ataongea mbele ya sanduku," Shikanga alisema. "Aliye na mkono msafi ataongea amalize. Mwenye uchafu, marehemu mwenyewe atamnyamazisha."

Wazee wakaitikia kwa kichwa. Ilikuwa desturi ya boma lile: mjane humuaga mumewe mbele ya watu wote kabla ya udongo.

Zilpah hakusikia. Alikuwa akipanga mashine yake chini ya kijipaa cha turubai. Spika moja akaifunga kwenye nguzo ya lango, nyingine akaipeleka mbali, ukingoni mwa miwa, kwa sababu watu walikuwa wengi hadi barabarani. Akawasha. Kwaya ikaimba. Wakaimba saa nzima, sauti imefunguliwa hadi mwisho, na jua likahama, likaingia chini ya turubai.

Ndipo spika ya mbali ikaanza kukwaruza. Zilpah akachukua koleo.

"Kaa hapa, Baba Joash. Naenda kufunga ule waya upya. Usiguse kitu."

Osundwa akakaa. Hakugusa kitu. Ni mama wa marehemu aliyekuja, kikongwe ameshikilia fimbo, na mkononi kitambaa cheupe kilichofumwa maua. Aliona jua linapiga mashine inayomlilia mwanawe, akaona si heshima. Akakitandaza juu ya sanduku, taratibu, kikashuka pande zote na kuziba matundu.

Osundwa alifungua mdomo. Angesema nini? Mama anazika mtoto. Utamwambia ondoa kitambaa chako? Na moyoni akajiambia, kivuli ni kivuli.

"Asante, mama," akasema.

Katekista Philip, aliyeongoza matanga, akamwita Gentrix. Akaja akivutwa mkono na shangazi yake, miguu mitupu. Akapewa maikrofoni. Alikuwa akitetemeka hata pumzi yake ikasikika kwenye spika.

"Baba Edah," akasema. "Baba Edah, uliniambia—"

Hapo akalia, kilio cha kutoka tumboni, na maikrofoni ikiwa mdomoni. Spika zikanguruma. Kisha zikanyamaza. Mara moja, kama mtu aliyezibwa mdomo kwa kiganja.

Osundwa aliangalia kile kitambaa. Akajua.

Sasa ndipo angesema. Neno moja tu. Lakini watu walikuwa wamenyamaza kimya cha ajabu, mia nne, mia tano, na wote wanamtazama yule msichana. Philip akapiga maikrofoni kwa kidole. Hakuna. Akaitikisa, akaipuliza. Dakika mbili zikapita, tatu. Shikanga akaja, akamnyang'anya.

"Mnanisikia?"

*Mnanisikia*, spika zikasema, hadi ukingoni mwa miwa.

Watu waliguna kama ng'ombe zizini.

"Mmeona wenyewe," Shikanga alisema, polepole, na kila neno likarudi kutoka kwenye miwa. "Mimi nimeongea. Yeye amekatwa. Haya, shemeji, rudia. Pengine ilikuwa bahati mbaya."

"Sitaki," Gentrix akasema.

"Rudia!" watu wakapiga kelele.

Wakamwekea maikrofoni mdomoni. Osundwa aliomba Mungu ile chipu iwe imepoa. Aliomba kwa Kiluhya na kwa Kiswahili. Lakini kitambaa kilikuwa juu yake, na jua juu ya kitambaa.

"Baba Edah," msichana akasema. "Mimi sijaku—"

Ikazimika.

Sasa haikuwa minong'ono tena. Mwanamke mmoja alipiga yowe. Benchi likaanguka. Wakata miwa waliokuwa nyuma wakaja mbele, na wakata miwa hawaachi mapanga nyumbani. Mtu akang'oa muwa, akauvunja gotini. Shangazi wa Gentrix akasukumwa huko. Gentrix akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa sanduku la mumewe, hana tena pa kwenda. Edah mdogo alikuwa ameshika sketi yake.

"Onesmus amesema!" Shikanga alipaza sauti. "Hakuna haja ya kwenda kortini!"

Osundwa alitaka kusimama. Magoti yakakataa. Akijitokeza sasa, watasema ni mashine yake imechafua matanga. Watasema amelipwa na watu wa Lugari. Panga halina macho. Akakaa pale pale karibu na kile kitambaa, mikono kati ya mapaja.

Ndipo akamwona Zilpah. Alikuwa anakuja mbio kutoka ukingoni mwa miwa, koleo mkononi, kilemba kimeanguka. Alikuwa mnene, hakuwa mtu wa mbio. Alipita katikati ya wanaume kwa mabega. Alipofika kwenye mashine alisimama, akaona kitambaa. Hakuuliza. Akakivuta, akaweka kidole kwenye mbavu za alumini. Hakufika hata moja. Akautoa mkono na kuupuliza.

"Ni moto!" akapaza sauti. "Jamani, ni moto tu! Mashine imefunikwa, imepata joto, ikajizima! Inajizimanga yenyewe!"

"Mama, kaa kando," mkata miwa mmoja akasema.

"Sikai! Nani aliifunika?"

Kikongwe, mama wa marehemu, alitazama chini. Pengine hakusikia. Osundwa alisikia vizuri. Zilpah akageuka, akamtazama yeye, mumewe. Naye Osundwa akatazama betri.

Hilo ndilo linalomla hadi leo.

Shikanga akaja karibu. "Mama Mashine. Ati sanduku lina akili ya kujizima? Na lina akili ya kumchagua mtu? Kwa nini halikunizima mimi?"

"Wewe ulikuja ikiwa imepoa kidogo. Huyu mtoto alikuja ikiwa imechoka. Nipe dakika kumi ipoe. Nitaiwasha, aongee amalize."

"Na ikimkata mara ya tatu?"

Zilpah alimtazama Gentrix, aliyebanwa na sanduku.

"Ikimkata, mtufanye sote wawili mnachotaka kumfanya yeye."

Osundwa alihisi kama mtu amemwaga maji ya kisima ndani ya shati lake.

Katekista Philip akatoa saa yake. Labda na yeye alikuwa anatafuta mlango. "Dakika kumi," akasema. "Tumwombee marehemu."

Hakuna aliyeomba. Zilpah akaomba ungo, akapewa, akaanza kuipepea mashine kama mtu anayepepeta nafaka ya wimbi. Watu wengine wakacheka, cheko baya. "Mpikie na uji!" Yeye akapepea. Akageuza sanduku lielekee upepo. Akaweka kidole, akahesabu midomo ikisogea: moja, mbili, akaondoa. Akapepea tena. Shikanga akasema, "Washa." Akasema, "Bado." Panga moja lilikuwa likigonga ubao wa benchi, ko, ko, ko, bila haraka. Osundwa alihesabu yale mapigo badala ya dakika. Akapotea katika hesabu. Akaanza upya.

Zilpah akaweka kidole. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano.

"Njoo, mwanangu," akamwambia Gentrix.

Gentrix aliongea. Mwanzo sauti haikutoka, kisha ikatoka. Alimwambia mumewe kwamba ni marehemu mwenyewe aliyeomba obusuma, yaani ugali, na mboga siku ile, na kwamba wote watatu walikula sahani moja, yeye na Edah na baba yake. Kwamba alitaka kumpeleka hospitali Jumatatu, wakaambiwa na kaka yake mkubwa wangoje mganga. Hapo macho ya watu yakaanza kutafutana. Aliongea kwa muda mrefu. Mashine haikuguna. Alipomaliza alirudisha maikrofoni kwa mikono miwili.

Osundwa alidhani imekwisha.

Lakini mtu aliyeaibika mbele ya watu ni hatari kuliko aliyekasirika. Shikanga alicheka. "Amepepea na dawa," akasema. "Mmeona midomo yake? Alikuwa anasemea kitu. Haya. Ati ni kitambaa? Basi kifunikeni kama kilivyokuwa, niongee mimi. Tuone kama nitakatwa."

"Usijaribu," Zilpah akasema haraka. "Bwana Shikanga, nakuomba. Wacha watu wazike."

"Unaogopa?"

"Naogopa. Si mashine. Naogopa hawa watu."

Hakumsikia. Akachukua kitambaa mwenyewe, akakitandaza, akakibana pande zote kwa mawe. Akashika maikrofoni. Alikuwa na sauti nene, na aliifungulia yote. Akamsifu ndugu yake. Akasifu ukoo, akapanda hadi kwa babu, akashuka. Jua lilikuwa pale pale. Dakika tano, sita, nane.

"Na mimi, ndugu yake wa tumbo moja, naapa mbele ya—"

Kimya.

Mdomo wake uliendelea kufunguka na kufunga. Watu wa nyuma hawakusikia kitu. Kisha kutoka upande wa miwa sauti moja ikasema, wala haikuwa kubwa:

"Kumbe ni yeye."

Na mapanga yale yale yakageuka. Miwa ile ile ikainuka. "Amekatwa kwenye kiapo!" "Ndiyo maana alikataa hospitali!" Mtu akamshika Shikanga kola ya koti. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, umekuwa kama jivu la kuni mbichi. Yule aliyekuwa akiita kifo sasa hakuweza kuita hata jina la mama yake.

Na nani akaingia kati? Zilpah. Alimshika Shikanga mkono, mtu aliyemtukana robo saa iliyopita, akasimama mbele yake kama ng'ombe mbele ya ndama. Alikuwa akipiga kelele, "Ni moto tu! Ni moto tu!" lakini mashine ilikuwa imelala na sauti ya mwanamke mmoja haifiki popote katika watu mia tano. Muwa ukashuka. Ulimkusudia Shikanga, ukampata Zilpah begani. Osundwa aliusikia ulivyolia.

Hajui alisimamaje. Anajua tu kwamba alijikuta juu ya benchi, mtu ambaye hata kanisani hajawahi kutoa tangazo.

"Ni mimi!" akasema.

Walio karibu wakageuka.

"Ni mimi nilikaa na mashine! Kitambaa kililetwa kwa heshima, nikakubali, na bibi yangu alikuwa amenikataza! Ni mimi! Hakuna aliyekatwa na marehemu. Ngojeni iamke, niongee mimi. Kitambaa kikae juu. Itanikata na mimi, mtaona!"

"Mzee, wewe ni nani?"

"Ni wa betri."

Mtu akacheka kidogo, akajizuia. Lakini mkono ulioshika kola ya Shikanga ulilegea. Philip aliona nafasi, akainua Biblia yake. "Mzee amesema tungoje. Tungoje."

Wakangoja. Kitu kigumu ni kungoja mashine iamke, ukijua isipoamka kuna mtu atakayelala. Zilpah aliinua pembe moja ya kitambaa hewa iingie. Hakuondoa mkono wake kwa Shikanga. Mwishowe spika zikakohoa.

Zilpah akashusha ile pembe, akampa mumewe maikrofoni. Osundwa akaishika kama mtu aliyeshikishwa nyoka. Hakuwa na la kusema. Alikuwa amesema yote. Sasa alitakiwa aongee, aendelee kuongea, hadi moto upande.

"Mimi ni Osundwa," akasema. "Natoka Lurambi."

Akafikiri.

"Nina ng'ombe wawili. Mmoja ni mweusi." Akafikiri tena. "Mwingine pia ni mweusi."

Mtu akaguna nyuma.

"Mvua haijanyesha. Kwetu pia haijanyesha. Huyu mama ni bibi yangu. Anapikanga vizuri. Chai anapenda bila sukari, mimi napenda na sukari. Nilipomwoa nilikuwa mwembamba. Sasa—"

"Ongeza sauti, mzee, ipate moto!" kijana mmoja akaita, na sasa watu kadhaa wakacheka kweli.

Akaongeza. Akaimba pia, wimbo wa kuchunga, kwa kuwa maneno yalikuwa yameisha. Sauti yake ilikuwa mbaya. Alikuwa bado anatetemeka, suruali inapigapiga miguu, na macho yake hayakutoka kwenye lile panga la karibu. Aliimba ubeti wa kwanza mara nne. Katika mara ya tano, katikati ya jina la ng'ombe, ikamkata.

Osundwa akashusha maikrofoni.

"Na huyu ameua nani?" bibi mmoja akauliza.

Hapo watu walicheka. Walicheka hadi wakashikana mabega, kicheko cha watu walioponea chupuchupu kufanya jambo. Ilipoamka tena, Philip akataka kuhakikisha, akaanza Sala ya Bwana kwa sauti ya mimbari, akairudia mara tatu. Mara ya tatu alipofika kwenye mkate wa kila siku, akakatwa na yeye. Mkata miwa mmoja alichomeka panga lake ardhini na kuketi juu ya nyasi, akajifuta uso.

Zilpah akaondoa kitambaa. Akakikunja vizuri, akampelekea mama wa marehemu kwa mikono miwili, akapiga goti. Yule kikongwe akamshika kichwa.

Wakazika. Shikanga alirusha udongo bila koti. Hakumtazama Gentrix, wala hakumgusa. Kabla jua halijaegemea, shangazi wa Gentrix alikuwa ameshamtoa yeye na Edah, wakashika njia ya Lugari, na hakuna aliyewafuata.

Pikapu iliwarudisha Kakamega. Walikaa nyuma, mashine katikati yao. Begani kwa Zilpah palikuwa pamevimba kama ngumi ya mtoto, na kidole chake cha shahada kilikuwa na lengelenge. Alikuwa akitetemeka. Osundwa alidhani ni upepo, akavua koti lake akamfunika. Hakuacha kutetemeka.

Walipita miwa, wakapita miwa tena. Osundwa alikuwa akitafuta neno. Hatimaye akasema kwamba alijua. Alijua tangu ilipozimika mara ya kwanza, na akanyamaza, na yeye alipouliza nani aliifunika akatazama betri.

Zilpah hakumgeukia. Alitazama barabara inavyokimbia nyuma yao. Kisha akasema, na Osundwa ameyashika kama yalivyotoka:

"Baba Joash, mimi niliogopa kuliko wewe. Lakini ungesema mapema, ningeogopa dakika chache."